Mlima Ushukao Sokoni

Mwanadamu hahami mzima mzima. Aendapo mahali pageni huchukua mwili wake na vyombo vyake, lakini macho, pua na masikio hubaki kwa muda mrefu yakifanya kazi ya kule alikotoka. Jambo hili huonekana wazi kwa watu wa milimani waliohamia pwani kuliko kwa watu wengine, maana mlima ni mwalimu mkali. Humzoeza mtoto wake kupima kila kitu kwa kupanda na kushuka, kwa baridi na ukungu, kwa sauti ya maji asiyoyaona. Mtu wa namna hiyo akiwekwa Kariakoo, penye ardhi iliyolala kama mkeka na joto lisilopumzika hata usiku, hufanana na aliyevaa kanzu ya mwenziwe; inamsitiri, lakini haimkai.

Nyuma ya Mtaa wa Mkunguni, katika nyumba moja ya vyumba sita iliyosalia kati ya maghorofa kama jino katika kinywa cha mzee, aliishi mtu wa namna hiyo. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Alishuka mlimani mwaka 1974, kijana wa miaka 20 na ushei, akaanza kazi ya uchukuzi sokoni. Miaka ilipomchosha mgongo akageuka dalali wa mboga. Akawa anapokea mizigo ya watu wa kwao, anaiuza kwa jumla, na kuishi kwa fungu dogo linalobaki mkononi mwa mpatanishi. Mnamo mwaka 2022 alikuwa amekaribia miaka 70. Hakuwa tajiri wala hohehahe. Alikuwa na mke wa pwani, watoto wanne waliozaliwa mjini na ambao hawakujua kutofautisha mche wa njegere na gugu, na chumba chenye dirisha moja lililotazama uani, penye mwarobaini.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya mizigo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, waliweka mahali hapo kambi ya kikosi cha wapagazi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilipita katika vinywa vya wenyeji, likatoka limelainika, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita ilipokwisha soko likashika mahali pa kambi, na mgongo wa mwanadamu ukaendelea na kazi ile ile. Baadhi ya mitaa iliyoizunguka kambi hiyo imepewa majina ya miti: Mkunguni, Mchikichi na kadhalika. Mtu wa Mgeta alikuwa akisema, nusu kwa mzaha, kuwa watu wa mjini huukata mti kwanza, kisha huandika jina lake ukutani ili usisahauliwe.

Alipofika mara ya kwanza, soko jipya la ghorofa lilikuwa likijengwa. Mchoro wake ulikuwa wa Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea usanifu wa majengo. Mapaa ya soko lile yalifinyangwa kwa zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa na upepo, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake. Wasomi waliandika mengi juu ya mapaa hayo. Kijana wa mlimani hakuwa na elimu ya majengo, lakini aliposimama chini yake alitambua mara moja alichokuwa akikitazama: ulikuwa msitu, vigogo chini na matawi yaliyogusana juu, na mwanga ukipenya kwa vipande. Alikuwa akikaa hapo saa za mchana kazi ilipopungua, na akimwambia mchukuzi mwenzake kuwa hapo ndipo mahali pekee mjini ambapo kichwa chake kilipoa. Mwenzake, aliyekuwa mtu wa Rufiji, alidhani ana homa.

Chini ya miti hiyo ya zege palikuwa na wanyama wake. Mtu asiyekaa Kariakoo hudhani kuwa soko ni mahali pa watu tu. Kulikuwa na kuku waliofika usiku kutoka mikoa ya kati, wamebanana ndani ya matenga, na kila alfajiri jogoo mmoja aliyekuwa akingoja kisu aliwika kwa ukamilifu kama aliye juani mwa kwao. Kulikuwa na paka wa Shimoni, sehemu ya chini ya soko, waliojua saa ya kufungua mizigo ya dagaa kuliko makarani. Kulikuwa na panya, ambao paka wale walikuwa wamefanya nao mkataba wa namna fulani, kwani kulikuwa na chakula cha kutosha kwa pande zote mbili. Na juu ya wote walikuwako kunguru.

Kunguru wa Dar es Salaam anastahili maneno kadhaa. Si mwenyeji. Ni wa asili ya India, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Akaona pwani ni pema, akavuka, akazaana, akawa mwenye nyumba. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hupora mkate mkononi mwa mtoto, na huelewa uso wa binadamu kiasi cha kumkumbuka aliyemtupia jiwe. Serikali imempiga vita kwa mitego na kwa sumu, akapungua, kisha akarudi. Mtu wa Mgeta hakumpenda, lakini hakuthubutu kumlaumu sana. Alikuwa akimtazama kunguru akitembea ukingoni mwa bati, shingo ya kijivu na mwendo wa majivuno, akisema: “Na huyu naye alikuja kubeba taka za watu.”

Kule kwao kulikuwa na kunguru wa namna nyingine, mkubwa, mwenye domo nene na utosi wa shingo mweupe, ambaye hukaa kwenye majabali na hucheza na upepo wa mlima bila kupiga bawa. Alipokuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kumwinga ndege huyo asishuke kwenye vifaranga. Zaidi ya hayo kulikuwa na mbuzi. Mgeta hakuna mahali pa kuchunga. Kila kipande cha ardhi kinachoweza kushika jembe kimelimwa, na kile kisichoweza kushika jembe kimelimwa pia. Kwa hiyo mbuzi hufungwa katika banda la kichanja, akaletewa majani, na samadi yake ikadondoka chini kungojea shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kilicho chini ya mlima ule ule mjini Morogoro, kilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na watu ambao hawakuwahi kufikiri kumkamua mbuzi wakazoea maziwa yake. Mtu huyu alikuwa mjini tayari wakati huo. Dada yake alimweleza habari ya mbuzi weupe wasiozijua njia za mlima, nao wakabaki katika fikira zake kama jamaa aliyeoa ukoo wao yeye akiwa safarini.

Lakini kitu kilichomleta mlima karibu naye kuliko vyote hakikuwa mnyama, kilikuwa udongo. Malori ya mboga huwasili kabla ya mapambazuko. Turubai likifunuliwa, baridi kidogo hutoka ndani ya shehena, baridi ya usiku wa Mgeta iliyosafiri ikiwa imefungwa kati ya majani. Nayo hudumu muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, kisha hewa ya pwani huimeza. Mzee alikuwa na desturi ya kusimama karibu na lori wakati huo. Wengine walidhani anawahi mzigo. Baada ya pumzi zile nne alianza kazi; akagonga kabichi kwa kidole kusikia kama zimefunga, akavunja karoti moja, akatazama udongo uliogandamana na mizizi. Kwa udongo huo alijua mzigo umetoka kitongoji gani, umechimbwa jua likiwa kali au baada ya mvua, na kama aliyeuchimba alikuwa na haraka. Wachukuzi vijana walimpima kwa kumfichia majina ya wenye mzigo. Ilikuwa nadra kukosea.

Jioni wafagiaji walikusanya udongo ule kwa mafagio ya chelewa. Ulikwenda mferejini, mferejini ukaenda Msimbazi, na Msimbazi ukaumimina baharini. Alihesabu siku moja, kwa hesabu ya mtu asiyetumia kalamu, vibao vya udongo wa Mgeta vilivyopita mbele yake kwa miaka karibu 50, akaacha kuhesabu kabla ya kufika mwisho.

Habari ya udongo wa Uluguru ilikuwa ya zamani kuliko yeye. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliona, na haikukosea, kuwa milima ile inamomonyoka na mito inachafuka. Ikaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi mabondeni na mitelemkoni, kwa siku zilizopangwa, na asiyechimba akatozwa faini. Mahali pengi matuta yale yalifukua udongo dhaifu wa chini yakafunika ule wenye rutuba, mazao yakapungua, na watu wakaambiwa waendelee. Mnamo Julai 1955, upande wa Matombo, watu walikusanyika kukataa. Askari walipiga risasi na mtu mmoja akafa. Mradi ukavunjika. Mzee alizaliwa katika siku hizo, na hadithi ya matuta ilikuwa miongoni mwa hadithi alizonyonya pamoja na maziwa. Mama yake aliisimulia kwa fahari ya walioshinda. Lakini huko Mgeta, palipokuwa na maji ya kumwagilia na mboga za kuuza, baadhi ya matuta yalibaki, na watu waliendelea kuyatengeneza bila kuamriwa na mtu. Mama hakuiona tofauti yoyote kati ya fahari yake na ngazi zilizokuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kweli isemwayo na mwenye kiboko huwa shida kuitambua, na huweza kukawia kizazi kizima kabla ya kusemwa tena na mtu mwingine.

Basi mwishoni mwa Oktoba 2022 maji yalikatika Dar es Salaam. Mvua zilikuwa zimekosekana, mto Ruvu ukashuka, na mji ukatangaziwa mgawo. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka Ruvu, na Ruvu huzaliwa Uluguru. Mto Mgeta nao, baada ya kuuzunguka mlima kwa upande wa kusini, huingia Ruvu huko nyikani. Mambo haya huandikwa katika vitabu vya jiografia vya watoto, tena watoto huyajibu vizuri katika mtihani; hata hivyo ni wachache mjini ambao, wakifungua bomba, hufikiri kuwa wamefungua mlima. Uani nyuma ya Mkunguni ndoo zilipangwa mstari. Vijana wa mikokoteni walipita na madumu, na bei ya dumu ikawa inasemwa kwa sauti ya chini kama bei ya kitu cha magendo.

Mwenye nyumba, bibi wa Kizaramo aliyekuwa amemzidi mzee kwa miaka kama kumi, alimkuta ameketi chini ya mwarobaini.

“Mgeni wangu,” alisema, maana hata baada ya miaka 30 ya kupanga alimwita mgeni, “umewaambia nini wenzio huko juu? Mmeyafunga maji yetu.”

“Hatukuyafunga, bibi. Labda nyinyi hamkuleta kitu.”

Bibi akacheka. Alijua anakumbushwa habari ya Kolelo. Zamani Wazaramo walipopatwa na ukame walituma watu kwenda Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Mzimu huo ulijulikana hata pwani, na mwaka 1905, katika siku za Maji Maji, neno lake lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyotembea Uzaramo dhidi ya Wadachi. “Babu yangu alikwenda,” bibi alisema. “Kwa miguu. Alichukua nguo nyeusi. Sisi tunamtuma nani, na nguo ipi?” Kisha akaingia ndani kuangalia mtungi wake. Wazee wale walijua mahali maji yalikotoka, wakaona ni adabu kwenda kuyaomba huko. Mtu anaweza kuikataa imani yao na bado akawaonea wivu kwa jambo hilo.

Usiku wa siku ile simu ya mzee ililia. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa kiume wa dada yake marehemu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hamjambo huko?”

“Hatujambo, mjomba, isipokuwa jua. Lile neno langu la mwezi uliopita bado linangoja.”

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo, ambao kwa lugha yao huitwa lukolo, na mjomba ndiye mwenye sauti. Watoto wa mzee, kwa hesabu ya kwao, hawakuwa warithi wake. Mrithi wake alikuwa mpwa huyu. Ukoo ulikuwa na kijisitu kidogo juu ya chemchemi, nje ya mpaka wa hifadhi. Msitu mkubwa wa juu, ule uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008 na wenye zaidi ya hekta 24,000, una walinzi na mawe ya mpaka; ndimo akaamo ndege mmoja mbua ambaye wataalamu hawajamkuta mahali pengine popote duniani. Kijisitu cha ukoo hakikuwa na mlinzi isipokuwa wazee waliozikwa ndani yake na desturi ya kutambikia hapo. Mpwa alitaka kukata nusu yake apande kabichi. Maji yalikuwa karibu, udongo haujachoka, na binti yake mkubwa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, nacho chuo kinataka karo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Mpwa aliijua, lakini alisema kuwa mita 60 kwa watu wa bonde ni kipande cha shamba, kwa watu wa Mgeta ni shamba zima. Katika hilo alisema kweli.

Jambo lililomwumiza mzee ni kuwa hakuwa mtu wa pembeni. Kabichi za mpwa zingeletwa kwake. Kila lumbesa ambalo lingetoka juu ya chemchemi ile lingeacha mkononi mwake fungu lake la udalali. Tangu moto wa Julai 2021 uliounguza soko la Kariakoo wafanyabiashara walitawanywa katika masoko mengine; yeye alikuwa akitembea kila usiku wa manane kutoka nyuma ya Mkunguni hadi Ilala kufuata mizigo, na kipato chake kilikuwa kimepungua. Mpwa hakulitaja hilo. Alikuwa na adabu. Lakini aliponyamaza kwenye simu, ukimya wake ulikuwa na umbo la fedha.

“Nipe juma moja,” mzee alisema.

“Juma la nne hili, mjomba.”

“Basi nipe la tano.”

Siku ya tatu baada ya simu hiyo, kabla ya adhana ya alfajiri, lori la Mgeta lilikuwa likishushwa Ilala. Mchukuzi mmoja aliyekuwa na lumbesa begani alipiga yowe, akalibwaga, akaruka nyuma. Kati ya majani ya kabichi iliyochomoza mdomoni mwa gunia alikuwapo kinyonga. Alikuwa na urefu wa shibiri na zaidi kidogo, rangi ya majani yaliyoanza kukauka, na mbele ya uso wake zilisimama pembe tatu.

Watu wa pwani hawampendi kinyonga, na wa bara wengi hawampendi pia. Mahali pengi Afrika huaminiwa kuwa ndiye aliyetumwa kuleta habari ya uzima akachelewa njiani, mauti yakatangulia. Huyu alikuwa na pembe juu ya hayo. Mmoja alisema ni uchawi, mwingine akasema ni fedha, kwamba Wazungu hununua. Kijana wa tatu aliokota kipande cha ubao. Mzee aliwapita wote, akalaza mkono wake juu ya kabichi, akangoja. Kinyonga aligeuza jicho moja kwa mzee na jingine kwa ubao. Kisha, kwa ule mwendo wake wa kuuliza ruhusa mara mbili kwa kila hatua, akapanda mkononi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Vilikamata kidole cha mzee kwa nguvu isiyolingana na mwili.

“Ni wa kwetu,” mzee alisema. “Dume. Jike halina pembe kama hizi.”

Alikuwa hajamshika kinyonga wa namna hiyo tangu utotoni. Vinyonga hao wenye pembe tatu ni wa misitu ya milima, Uluguru na Udzungwa, na hupenda miti ya kandokando ya msitu, palipo na ukungu. Huyu alikuwa ameshuka kwenye kabichi kufuata wadudu, usiku akalala, akaamka ndani ya gunia. Jua la Dar es Salaam lingemmaliza kabla ya siku nyingi. Kila mtu pale alilijua hilo, na kila mtu akangoja aone mzee atafanya nini, kwani haikuwa kazi ya dalali kulea vinyonga.

Alichukua tenga tupu la nyanya, akaweka ndani tawi na majani mabichi ya kabichi, akayanyunyizia maji kutoka katika chupa yake ya kunywa. Katika juma lile la mgawo kitendo hicho hakikupita bila kutazamwa. Akafunga mdomo wa tenga kwa wavu, akamwendea utingo wa lori, kijana wa Nyandira.

“Utashuka lini?”

“Tukimaliza kushusha tunageuza, babu. Tutakuwa Morogoro adhuhuri, Mgeta jioni.”

“Usimweke juani. Weka nyuma ya kiti chako. Mpe mpwa wangu, mwambie amrudishe mtini.”

“Mti gani, babu?”

Mzee alifungua kinywa, akakifunga. “Yeye anajua,” alisema.

Siku ile hakuuza vizuri. Alipunja bei mara mbili kwa kusahau, na mteja mmoja mama lishe akamrudishia fedha zilizozidi akimwonea huruma. Alikuwa akiufikiri mlima jinsi ulivyokuwa ukishuka. Ulishuka kwa mito ukiwa maji, ukashuka kwa malori ukiwa mboga, ukashuka kwa watu kama yeye. Na kila kilichoshuka kilipata bei yake mjini. Kilichopanda kurudi kilikuwa nini? Matenga matupu, mbolea ya madukani, simu za mkononi, na maiti za wazee waliotaka kuzikwa kwao. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutaja mahali pake, ndani ya kijisitu kile, upande wa mama yake. Hakuwa amelikumbuka hilo siku zote za majuma manne alizokuwa akiahirisha jibu, au alilikumbuka akaona haya kulitumia kama hoja, kana kwamba msitu ungesimama kwa sababu ya kaburi la mtu mmoja asiyekuwa akikaa huko.

Simu ililia baada ya sala ya Isha.

“Shikamoo, mjomba. Mgeni wako amefika.”

“Mzima?”

“Mzima. Alikuwa mweusi kwa hasira, sasa ameanza kuwa kijani. Nimemweka mtini.”

“Mti upi?”

Mpwa alikaa kimya. Mzee alisikia, nyuma ya kimya hicho, mbuzi akilia katika kichanja, na nyuma ya mbuzi kitu kingine kama pumzi ndefu ambacho huenda kilikuwa upepo wa simu na huenda kilikuwa kijito.

“Huko kwenye chemchemi, mjomba,” mpwa alisema mwishowe. “Kwingine kuna miti gani?”

Ndipo mzee alipotoa jibu lake. Halikuwa jibu la hekima kubwa, na mtu anayefikiri kwa kalamu angeliona lina matundu. Alisema kijisitu kisikatwe. Alisema karo ya mwaka wa kwanza ya binti ataibeba yeye, na kwamba msimu huo hatakata udalali kwenye mzigo wowote wa mpwa wake. Mwaka wa pili wataonana. Hakusema fedha hizo zitatoka wapi. Mke wake, aliyekuwa akisikiliza akikuna nazi, alijua zitatoka wapi, naye aliendelea kukuna kwa nguvu zaidi.

“Na wewe ukiondoka, mjomba?” mpwa aliuliza. Hakuuliza kwa ujeuri. Lilikuwa swali la kweli, kwa kuwa baada ya mzee huyo sauti ingekuwa yake.

“Nikiondoka utanizika hapo. Kisha utaamua.”

Waliagana kwa heshima. Mke akasema, bila kuinua macho, kuwa bati la jikoni lilikuwa lingezibwa mwezi huo, na kuwa hajasikia kabila lingine duniani ambalo mtu huwalipia karo watoto wa mpwa ilhali wake mwenyewe wanashona viatu. Alikuwa na haki. Mzee hakubisha, alisogea akachukua mbuzi ya kukunia, akaketi juu yake, akaendelea na nusu ya nazi iliyobaki. Watoto wao hawangepata kitu mlimani. Kwa desturi ya Waluguru walikuwa wa mama yao, na kwa desturi za watu wa mama yao walikuwa wa baba. Jambo hili lilikuwa limeachwa bila kusemwa kwa miaka 40 nyumbani humo, nalo halikusemwa usiku ule.

Majuma kadhaa yalipita, mvua zikagusa milima, na siku moja asubuhi bomba la uani likakohoa, likatema hewa, kisha likatema maji. Watoto walipiga kelele. Bibi mwenye nyumba alikinga beseni la kwanza mwenyewe kama haki yake, akaliweka chini ya mwarobaini litulie. Mzee aliporudi kutoka Ilala, jua likiwa limepanda, alipita hapo, akachutama. Maji yalikuwa yametakata juu, lakini chini ya beseni palikuwa na utando mwembamba mwekundu. Aliingiza kidole, akausugua kati ya kidole na dole gumba, akaunusa.

“Kutu ya bomba,” bibi alisema kutoka kizingitini. “Limekaa kavu muda mrefu.”

“Huenda,” alijibu mzee, akiwa bado amechutama.